Vioo Juu ya Ufa

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimeokoa mtaa mzima. Mtaa wenyewe haujajua bado, lakini habari kubwa huchelewa kufika. Nimechoka hata kabla ya kushukuriwa.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, kwenye viti vya watoto. Magoti yalinifika masikioni. Mwenyekiti wa mtaa alimleta mhandisi wa mambo ya matetemeko, binti mwembamba, viatu vizito, nyundo ndogo mfukoni. Akatueleza kwamba hivi vitetemeko vinavyotugongeshea vikombe tangu mwaka jana si vya kuchezea. Likija kubwa, bahari inaweza kulifuata nyuma, na haitapiga hodi. Mwenye miguu akimbilie kilimani, nyuma ya hospitali. Asiye na miguu je?

Watu wakamgeukia dada yangu. Dada Mkubwa, kifungua mimba wa mama yetu, anaishi kwangu, na magoti yake yamegoma. Kwenye zoezi la mwezi uliopita king'ora kilipolia alianza safari pamoja na sisi. Sisi tulifika kilimani, tukahesabiwa, tukapewa maji, tukaanza kushuka. Tukamkuta kwenye duka la dawa, ameegemea ukuta. Akatuuliza kama ameshakufa au bado. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikaumia baadaye.

Mhandisi akasema dawa ni ghorofa imara palepale mtaani. Isimame ardhi inapotikisika, halafu watu waipande kabla maji hayajafika. Yote mawili. La pili bila la kwanza ni kaburi lenye ngazi. Huku kwetu chini ghorofa ni mbili tu: yangu, na ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwoka mikate. Tunamwita Tofali. Wanasema ni kwa sababu ya mikate yake. Wanaosema ni mimi.

Nyumba itakayochaguliwa itawekewa kibao cha buluu chenye picha ya mtu anayepanda ngazi, na mwenye nyumba atakabidhiwa king'ora. King'ora! Mtaa mzima unakimbia kwa kidole chako!

Nikasimama. Kiti nacho kikasimama, kilikuwa kimeninasa. Nikawaambia habari za tsunami waniulize mimi, nazijua kwa sura. Ujanani, nikiwa baharia, bahari ilirudi nyuma mbele ya macho yangu ikaacha mchanga mtupu. Nikatembea chini ya bahari mguu mkavu, nikaokota samaki, nanga na sahani mbili za maua. Nikarudi nimejitwika vyote, ndipo wimbi likaja, refu kama minara miwili, nami nikaliangalia tu.

Mhandisi akanishukuru. Kisha akawageukia watu akasema wasikie vizuri: bahari ikirudi nyuma namna hiyo, anayekwenda kuokota samaki ndiye wa kwanza kufa. Tofali akauliza kwa sauti, basi huyu shemeji tunayeishi naye ni nani, mzuka? Ukumbi mzima ukashika mbavu.

Kibao ni changu. Nimeapa.

Jumanne, 3 Juni

Mhandisi kaja asubuhi sijanyoa. Kaniita mzee. Mzee! Nina miaka hamsini na kitu, na hicho kitu si kikubwa.

Akaomba michoro ya nyumba. Nikagonga kichwa changu kwa kidole, kumwonyesha iliko. Akauliza nguzo za chini zina nondo kiasi gani ndani. Nikamwambia za kutosha. Akauliza, za kutosha kwa nani?

Akazunguka anagonga kuta, sikio limeinama kama la daktari. Ghorofa yangu, bila kujisifu, inapendeza. Chini kuna uwazi mpana wenye nguzo nyembamba za kisasa; niliupanga uwe duka la samani, duka halikuja, uwazi ukabaki. Juu vyumba vizito vya zege na roshani ya kusimama mtu akaonekana. Mhandisi akasema huo uwazi ndio ugonjwa wenyewe. Juu kuzito, chini hakuna kitu. Akasema nyumba yangu ni kama mtu aliyejitwika gunia la saruji huku amevaa viatu vya visigino virefu. Mke wangu akacheka huko jikoni. Ni ndugu wa Tofali, nilitegemea nini?

Kisha akaliona kabati. Kabati linafanya nini kwenye ngazi? Nikamwambia ndio mtindo wa siku hizi. Akalisogeza mwenyewe kwa bega. Nyuma yake ufa. Umeanzia pembe ya dirisha, ukashuka mshazari mpaka chini ya ngazi. Nikamweleza kwamba ufa huu ni mtulivu, tumeishi nao miaka, ni kama mtu wa nyumbani.

Hakucheka. Akatoa vipande vyembamba vya kioo, virefu kama kidole, akavibandika juu ya ufa kwa plasta nyeupe ya ukutani. Kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini. Akaeleza. Kioo hakijui kujinyoosha. Ukuta ukisogea unywele tu, kinapasuka. Akirudi Jumatano ya wiki ijayo akavikuta vizima, basi ufa umelala, ukarabati utakuwa mwepesi, na habari ya kibao tutaizungumza. Akikuta vimepasuka, ufa unatembea, na nyumba inatembea nao. Akaniomba nisiviguse, nimpigie simu nikiona chochote.

Ufa unatembea! Mimi mwenyewe siku hizi sitembei.

Kwa Tofali hakubandika hata kimoja. Nilivuka barabara nikachungulia juu ya ukuta wake wa uani. Jumba la hovyo, mraba mtupu kama boksi la viatu. Nguzo nene kama mapipa. Ngazi ameiweka nje, kama ya ghala. Akaambiwa tu afunge makabati ya mikate ukutani kwa skrubu na asipange magunia ya unga njiani. Kila kitu anaitikia ndiyo mama, sawa mama. Hana haya yule mtu.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya maandalizi. Nimeandaa hotuba ya kupokea kibao. Ni ndefu lakini ina mapumziko.

Mhandisi alisema kila nyumba iwe na mkoba mlangoni, mtu akimbie nao: maji, tochi, dawa, redio. Nimefunga wa kwetu. Mke wangu akaufungua kukagua. Akakuta hotuba, mashine ya kunyolea, viatu vyangu vya ngozi na picha yangu nikiwa kijana. Akauliza maji yako wapi. Nikamwambia kwenye tsunami maji yapo mengi. Akanitazama kwa muda, akaufunga upya yeye mwenyewe. Viatu vimebaki nje.

Alhamisi, 5 Juni

Tetemeko dogo wakati wa chai. Taa ikacheza, vikombe vikagombana, likapita. Mke wangu akaingia chini ya meza akashika mguu wa meza, kama tulivyofundishwa. Dada akaingiza kichwa na mabega. Sehemu nyingine akaikabidhi kwa Mungu. Mimi nilibaki kitini kishujaa. Nilikuwa nimeshika buli.

Nikaenda kutazama ngazini. Kioo cha katikati kimepasuka. Mstari mwembamba kabisa, kama umechorwa kwa wembe.

Nikakaa hapo nikafikiri. Mtu wa kawaida angempigia simu mhandisi. Mimi nikaipigia akili yangu. Kilichopasuka ni kioo, si ukuta. Ukuta umesimama palepale, nauona. Anachotaka binti yule ni kioo kizima. Basi kipatikane kioo kizima!

Mchana, Dada amelala, mke wangu kaenda sokoni, nikashusha picha yetu ya harusi. Nikakata kioo chake kwa kisu cha vigae. Nikapata kipande kimoja kizuri na kidole kimoja kibaya. Plasta nilikuwa nayo kidogo kwenye kopo. Nikabandua cha mhandisi, nikabandika changu, nikakipaka vumbi kionekane cha juzi. Kazi safi! Fundi yeyote angenivulia kofia.

Mke wangu kaniuliza kioo cha picha kiko wapi. Nikamwambia picha nazo zinahitaji hewa. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akasema ni kweli, yule bwana harusi alikuwa amebanwa. Sijajua mpaka sasa kama ulikuwa utani.

Jumamosi, 7 Juni

Viwili! Cha juu, na kile changu cha harusi. Na jana hapakuwa na tetemeko hata la kuamsha kuku. Nyumba inatembea yenyewe, kimyakimya, kama mgeni anayetafuta choo.

Safari hii nimetoa kioo cha mlango wa kabati la vikombe vya Dada. Mahali pake nimetundika kitambaa cha maua. Pamependeza zaidi.

Plasta ikikauka, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikamnong'oneza, kama rafiki, kwamba nyumba ya Tofali ina tanuri. Watu wakijazana juu na tanuri linawaka chini, si watapikwa? Mwenyekiti ni mtu mzito wa kufikiri, unaona kabisa wazo likipanda ngazi. Mwishowe akasema, lakini Mjomba, ndivyo mtaa unavyoniita, maji yakifika kwenye tanuri, si moto utazimika? Upande huo sikuwa nimeuangalia.

Kurudi, namkuta Tofali mlangoni kwake, amekunja mikono, unga mpaka kwenye nyusi. Habari zimemfika kabla yangu. Akaniambia, shem, kama unataka kibao chukua tu, mimi nitaweka cha bei ya mikate. Akasema anachowaza yeye ni Dada Mkubwa, siku hiyo atapita wapi. Maneno ya kujionyesha! Nikamjibu kwamba dada yangu atapita kwangu, kwenye ngazi ya mdogo wake wa damu. Akauliza, ile yenye kabati?

Kumbe mke wangu anapeleka habari.

Jumapili, 8 Juni

Dada ameamua kujaribu ngazi zote mbili. Anasema hawezi kungoja siku ya siku ndipo ajifunze kupanda.

Kwa Tofali kwanza. Vipandio vifupi, vyote sawasawa, na bomba la chuma la kushika pembeni. Akapanda polepole, anapumzika, anapanda. Mimi nyuma yake nasafisha koo, watu waone ni taabu. Akafika juu. Akasimama akatazama bahari, akasema kumbe huku kuna upepo.

Kisha kwangu. Ngazi yangu ina historia yake. Vipandio vya chini nilivijenga nikiwa na furaha, ni vizuri. Vya kati nilikuwa nimegombana na fundi. Vya juu saruji ilikuwa inaisha, ndiyo maana ni vichache na virefu. Dada akakwama kwenye vile vya ugomvi. Mguu mmoja juu, wa pili umekataa. Mimi chini nasukuma, mke wangu juu anavuta, kama tunahamisha fanicha. Akatuambia tumwache kwanza, yeye si sofa.

Akakaa. Akakigonga kile kioo cha katikati kwa ukucha. Akauliza, hii ndiyo dawa ya ukuta? Nikamweleza, juu juu. Akasema, sikiliza wewe mtoto. Mimi sijui habari za nondo wala nyundo. Wewe nimekubeba mgongoni kabla hujajua kusimama. Ukiniambia ngazi hii haitaanguka, siku hiyo nitapanda hapa, kwa ndugu yangu, sitakwenda kwa watu. Ukiniambia itaanguka, nitakwenda kwa Tofali tangu mwanzo, maana mimi sina mbio za kubadilisha mawazo njiani. Sasa niambie.

Jua lilikuwa linaingia dirishani. Kioo kinameta karibu kabisa na sikio lake. Mke wangu kasimama juu, ananiangalia mimi, haangalii kitu kingine.

Nikamwambia haitaanguka, Dada. Hata kidogo.

Akasema basi yamekwisha. Wifi, nipe mkono niinuke.

Sikumaliza chakula cha jioni. Nadhani kilizidi chumvi.

Jumanne, 10 Juni

Vyote vitatu. Kitetemeko cha asubuhi, kidogo, hakikumwaga hata chai. Vyote vitatu! Cha chini kimedondoka kabisa. Na ufa sasa unaingia kidole. Nimejaribu. Kimeingia kwa raha.

Mhandisi anakuja kesho, na nyumbani vioo vimekwisha. Kimebaki kile cha kunyolea. Basi, kwa ajili ya mtaa, nikakivunja. Bahati mbaya kopo la plasta nalo limeganda limekuwa jiwe. Nikakaa nikafikiri. Plasta ni nini hasa? Ni kitu cheupe kinachoshika. Nikapita mlango wa nyuma kwa Tofali, nikamwomba donge la unga uliokandwa. Akauliza la nini. Nikamwambia jino. Akanitazama shavu, akanipa donge kubwa kama ngumi, akasema, pole shem, usilimeze tu. Wakati mwingine ni mtu mwema. Inanichosha sana.

Nimebandika. Upande unaong'aa nimeuelekeza nje, maana nyuma ni pekundu kama mdomo wa bibi harusi. Kwa mbali ni kioo kama vioo vingine. Kwa karibu? Nani ana haja ya kusogea karibu?

Dada alipita na fimbo yake akasimama hapo kidogo. Akajitazama, akakaza kitambaa chake cha kichwani, akaendelea na safari.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya. Ningependa kuiruka, lakini shajara ni shajara.

Mhandisi kaja na mwenyekiti, na Tofali, na nusu ya mtaa nyuma yao, wanataka kuona kibao kitakwenda wapi. Mwenyekiti amekikumbatia, kimefungwa kwa gazeti. Mimi nimevaa viatu vya ngozi. Kidevu kina mabandeji mawili. Jaribu wewe kunyoa bila kioo.

Kitu kimoja nilikisahau kuhusu unga wa Tofali. Una hamira. Na pale ngazini pana joto.

Umeumuka. Usiku kucha umekuwa ukiumuka. Vioo vyangu vimesukumwa nje, vimekaa juu ya maandazi matatu manono yaliyoota ukutani.

Mhandisi akainama kuchungulia. Akajiona. Akasogea pembeni, akaona jicho lake moja. Mwenyekiti naye akachungulia, akaweka kola sawa. Tofali akaugusa unga kwa kidole, akaunusa, akasema taratibu, kwa masikitiko ya mtu anayependa kazi yake, kwamba huu ni wa jana asubuhi. Kisha akaniuliza jino linaendeleaje.

Walicheka mpaka kibao kikamtoka mwenyekiti mikononi.

Mhandisi hakucheka. Akabandua andazi la katikati, akaingiza kidole kwenye ufa, akakitoa, akakifuta suruali. Akaniuliza vile vyake vilipasuka lini. Nikataka kutunga kitu. Hakikuja. Nikamwambia: Alhamisi cha katikati, Jumamosi viwili, jana vyote. Akasema, mzee wangu, hicho tu ndicho nilichokuwa nataka kujua. Nilikuwa napima ukuta, sikuwa nakupima wewe. Akaegemea mlango kama mtu anayeweza kulala amesimama. Ana mitaa mingine kumi na miwili ya kuzunguka, na kila mtaa, nadhani, una mtu wake.

Akapaka alama nyekundu mlangoni. Mtu asilale humo, asipite ngazini. Nguzo za chini zivishwe nondo mpya na zege, ukuta ule ubomolewe ujengwe upya. Mpaka wakati huo tujibanze kwenye banda la jiko, uani, ambalo ni jepesi. Akachora mchoro palepale, akaniachia.

Nikageuka. Dada yuko mlangoni, ameegemea fimbo. Alikuwepo tangu mwanzo.

Nilisubiri anitukane. Angenitukana ningepumua. Akamwambia mke wangu, wifi, nifungie nguo zangu, nahamia kwa kaka yako. Akanipita. Kwenda kwa Tofali ni kuvuka barabara tu. Alivuka polepole, na mtaa wote ukamsubiri, na hakugeuka nyuma.

Kibao kimepigiliwa kwa Tofali kabla ya chakula cha mchana. Kimekaa upande. Sikumwambia.

Ijumaa, 13 Juni

Limekuja. Kubwa. Nitaandika baadaye.

Jumapili, 15 Juni

Naandika nikiwa kwa Tofali, juu, kwenye chumba cha magunia. Sote wazima. Niliandike hilo kwanza.

Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Mimi na mke wangu tulikuwa uani. Likaanza kama yale mengine, nikasubiri liishe, halikuisha, likazidi. Mlio kama lori linamwaga kokoto chini ya miguu yako. Hatukuweza kusimama. Tukakaa chini katikati ya uwanja tumeshikana, mbali na kuta, mke wangu ndiye aliyenivuta huko. Nikaiona nyumba yangu. Ukuta wa ngazi ukatoka wote, ukaondoka na vipandio vya furaha na vya ugomvi. Nguzo mbili zikapiga magoti. Ghorofa ya juu imebaki imeinama mbele mpaka leo, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

Kama Dada angekuwa kwenye ile ngazi.

Sitaki kuimaliza sentensi hiyo.

Kabla vumbi halijatua, king'ora kikalia. Tofali hakungoja kuambiwa. Wenye miguu wakaenda kilimani. Wazee, wagonjwa, mama mmoja aliyejifungua juzi, wakapanda ile ngazi ya nje, mmoja mmoja, wameshika chuma. Maji yakaja mara mbili, machafu, yamejaa mbao na ndoo. Yakafika kiunoni barabarani, yakaingia kwa Tofali, yakazima tanuri. Mwenyekiti akasema si nilisema. Juu hapakufika hata tone. Tulikaa mpaka tulipoambiwa tushuke, na Tofali akagawa mikate ya asubuhi. Migumu. Sikusema kitu, nilikula minne.

Tangu jana watu wanapita kuniuliza ilikuwaje, nami siwanyimi. Nimewaeleza nilivyombeba Dada mgongoni ngazi nzima, huku nimemshika mke wangu kwa mkono mmoja na maji yananilamba visigino. Kwa wale wa mchana niliongeza mwenyekiti begani. Mke wangu anasikiliza tu, anakoroga chai ambayo haina sukari.

Mhandisi alipita leo na ndoo yake ya rangi. Macho mekundu. Akasema mitaa mingine vioo vilipasuka, watu wakahama mapema, wamepona. Akaniuliza kama nitajenga kwa kufuata mchoro. Nikamwambia, ndiyo mama, neno kwa neno.

Nimeukalia mchoro wake tangu aondoke. Nondo nyingi mno! Binti mzuri, lakini ni mwoga. Mimi nimejenga kabla hajazaliwa. Nusu yake inatosha kabisa, nguzo zibaki na umbo. Nondo zitakazookolewa nitazipeleka juu, nipandishe ghorofa nyingine, ipite ya Tofali. King'ora kinataka urefu, mtu yeyote anajua. Nimeshamnong'oneza mwenyekiti, kama rafiki. Bado anafikiri.

Dada yuko hapa chumbani, amenyoosha miguu juu ya gunia. Leo amenisemesha kwa mara ya kwanza. Ameuliza naandika nini. Nimemwambia historia. Akasema kama ni historia, niandike na ile ya ngazini.

Haya.

Sikumbeba mtu. Mke wangu alinitangulia, maji yakaonekana mwisho wa barabara, nikapanda, na katikati ya ngazi ya Tofali miguu ikaniisha. Nikakaa. Nikalikumbatia bomba, nikafumba macho. Watu wakanipita kwa kuniruka. Dada alikuwa ameshafika juu. Akashuka, kwa magoti yale, akakaa pembeni yangu, akanibembeleza kwa wimbo ule wa kulaza watoto, wote huko juu wanasikia. Niliachia bomba kwenye ubeti wa pili.